Ukurasa Ukifika Nusu: Kusoma Mtandao kwa Rezo Dhaifu ya Uvira

Kuna sura ya ukurasa ambayo kila mwenye simu Uvira amekwisha kuiona. Unafungua tovuti ya chuo, au ya shirika linalotangaza kazi. Kamstari ka buluu kanatembea juu ya skrini, kanakwama katikati, halafu ukurasa unatokea uchi. Nyuma ni peupe, herufi ni nyeusi tupu, menyu imeshuka kuwa orodha ndefu ya viungo vya buluu vyenye nukta pembeni, na nembo ya chuo imevimba hadi kujaza skrini nzima. Vitufe havifanani tena na vitufe. Mwenye simu anasema tovuti imekufa, anapakia upya, mega zinakatika, anapakia tena.

Tovuti haijafa. Maandishi yote yamefika. Kilichobaki njiani ni faili la mapambo, lile linalosema rangi ikae wapi na menyu ijikunje vipi. Angeteremsha ukurasa tu, akaipita ile nembo na ile orodha ya viungo, angelikuta tangazo zima, tarehe ya mwisho, na pengine hata fomu. Na fomu isiyo na mapambo mara nyingi hujazika na kutumika vilevile, kwa sababu kupeleka majina si kazi ya mapambo.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia upya, uangalie ukurasa. Kasoro ya sura inaeleza ni kipande gani hakikufika, na kila kipande kina dawa yake. Anayebonyeza ovyo analipia upya hata vile vilivyokwisha kufika.

Ukurasa hauji kama kitu kimoja. Kwanza linakuja faili la maandishi. Ndani yake mna orodha ya vingine vya kuagizwa: mapambo, programu ndogo za kuendesha menyu na fomu, aina za herufi, picha. Mara nyingi vitu hivyo havikai kwenye seva moja. Herufi ziko kwingine, ramani kwingine, matangazo kwingine kabisa. Kwa kila seva mpya simu huuliza kwanza anwani yake, halafu hubisha hodi, halafu hukubaliana nayo namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ndipo iombe faili. Hizo ni safari kama nne za kwenda na kurudi kabla hujapata hata herufi moja. Rezo ikichukua nusu sekunde kwa kila safari, sekunde 2 zimekwisha bure, kwa kila seva. Ni kama kuleta bidhaa kutoka Bujumbura katika vifurushi ishirini, kila kifurushi na mchukuzi wake, kila mchukuzi asimame mpakani Kavimvira na karatasi zake. Mzigo wenyewe unaweza kuwa mwepesi. Foleni ndiyo inayoua siku.

Uzito nao una hesabu yake. Ukurasa wa megabaiti 2 si mkubwa siku hizi. Picha chache za habari zinatosha kuufikisha hapo. Kwa rezo ya kilobiti 128 kwa sekunde unahitaji sekunde 125, yaani zaidi ya dakika mbili, na hapo tunadhani kwamba rezo haikukatika hata mara moja. Uvira hukatika.

Hukatika kwa sababu nyingi, umeme ukiwamo, lakini ipo moja ya huku kwetu ambayo wengi hawaihesabu. Mji umebanwa kati ya milima na ziwa, na ng'ambo ya maji iko Bujumbura yenye minara yake. Maji hayana jengo wala kilima cha kuzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo ukiwa ufukweni, au upande wa Kavimvira karibu na mpaka, simu yako husikia minara ya nchi mbili kwa pamoja. Ikiachiwa ichague yenyewe, inaweza kuyumba: mara rezo ya Kongo, mara ya Burundi, mara inatafuta. Kila inapohama, mafaili yaliyokuwa njiani hukatwa. Maandishi yalishapita, mapambo yakakatwa, na hapo ndipo ukurasa unapobaki uchi.

Angalia juu ya skrini, pembeni ya vile vijiti vya rezo. Ukiona kaherufi R kadogo, simu imejishika kwenye rezo ya kigeni. Vijiti vinaweza kuwa vimejaa na bado ukurasa usisogee, kwa sababu data ya ugenini imezimwa. Au mbaya zaidi, imewashwa, na salio linayeyuka. Dawa ni kuichagulia simu kampuni kwa mkono. Simu nyingi za hapa zinazungumza Kifaransa, kwa hiyo ingia «Paramètres», tafuta «Réseaux mobiles», halafu «Opérateurs réseau», ondoa uchaguzi wa kujiendesha, subiri orodha itokee, uguse kampuni ya laini yako. Papo hapo hakikisha «Itinérance» imezimwa. Wenye laini mbili, ya Kongo na ya Burundi, nao wachague moja tu ya data na kuiacha hapo mpaka kazi iishe. Kurukaruka kati ya laini katikati ya fomu ni kuomba fomu ipotee. Ukisafiri kwenda Bujumbura kumbuka kurudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo utafika ng'ambo na simu isiyo na rezo.

Kama simu inapanda 4G na kushuka 3G kila dakika, ifungie 3G. Rezo ya polepole iliyotulia huleta ukurasa mzima mapema kuliko ya kasi inayokatika. Na ikiwa imeganda kabisa, washa «Mode avion» kwa sekunde kama kumi, uzime. Simu italazimika kuutafuta mnara upya, na mara nyingi hilo linatosha.

Tuseme rezo imetulia na ukurasa bado una kasoro. Sasa pima. Andika example.com kwenye kivinjari. Ni ukurasa mdogo mno, sentensi chache bila picha hata moja, uliowekwa mtandaoni kwa ajili ya mifano. Ukifunguka haraka, rezo yako ni nzima na tatizo liko kwenye tovuti unayoitaka. Ukifunguka kwa kujivuta, tatizo ni rezo. Usipofunguka, au ukiletewa ukurasa wa kampuni ya simu ukikualika ununue forfe, mega zimekwisha. Jaribio hili halili hata mega moja, na huwa nalifanya kabla ya lingine lolote.

Maneno ya kosa nayo yasomwe, hata yakiwa ya Kiingereza. Namba 502, 503 na 504 zinatoka kwa seva: umefika mlangoni lakini ndani wamelemewa. Kupakia upya kila dakika kunaongeza foleni tu. Mwaka hata mwaka hali hii huonekana matokeo ya «Examen d'État», mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotoka, kila familia ikifungua ukurasa uleule saa ileile. Kampuni za simu hutoa matokeo hayo kwa ujumbe mfupi pia, na ujumbe hupita hata pale ukurasa usipopita. Mwanafunzi na aanze na huo. Ukiona DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, jina la tovuti halikupatikana: kagua kwanza herufi ulizoandika.

Kuna siku kosa liko mbali nasi kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ziliharibika, na nchi za Afrika Mashariki zikajikokota, Tanzania ikiwa kati ya zilizoumia zaidi. Na tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Kongo nzima hadi Januari 2019. Siku kama hizo hakuna mpangilio wa simu utakaosaidia. Waulize majirani wenye laini tofauti. Wote wakikwama, hifadhi mega zako.

Sasa turudi kwenye sura za ukurasa, maana kila moja ina maana yake.

Ukurasa mweupe kabisa, ingawa mstari wa juu umefika mwisho: tovuti hiyo hujengwa na programu ndogo ndani ya simu yako, na programu hiyo haikufika nzima. Hapa kuteremsha ukurasa hakusaidii, kwa sababu maandishi yenyewe bado hayajachorwa. Subiri dakika moja, kisha pakia upya mara moja. Ikishindikana, jaribu kivinjari kingine kabla ya kukata tamaa.

Picha zimetokea, mistari ina nafasi, lakini maneno hayaonekani: simu inasubiri aina ya herufi kutoka seva nyingine. Vivinjari vingi husubiri takriban sekunde 3 kisha hutumia herufi za simu yenyewe. Usiguse kitu, maneno yatakuja.

Picha iliyokatwa, juu iko sawa na chini ni kijivu: rezo ilikatika katikati ya picha. Kwenye Chrome ibonyeze kwa muda, na ukiona pendekezo la kuipakia peke yake, lichukue. Usipakie ukurasa mzima kwa ajili ya picha moja, hasa kama ni picha ya mkutano wa waheshimiwa.

Maandishi yanayorukaruka unaposoma, kitufe kinashuka pale pale unapotaka kukigusa: waliojenga ukurasa hawakutaja vipimo vya picha, kwa hiyo kila picha ikifika inasukuma vilivyo chini yake. Kwenye habari hilo ni kero tu. Kwenye malipo ni hatari: kidole kinalenga «Annuler», ukurasa unaruka, unagusa «Confirmer». Ukurasa wowote wenye pesa, mikono mbali mpaka mstari wa juu uishe na kila kitu kitulie.

Herufi za ajabu ni jambo jingine kabisa. Ukisoma «RÃ©sultats» badala ya «Résultats», rezo haina hatia, na kupakia upya mara mia hakutabadili kitu. Maandishi yalihifadhiwa kwa mfumo mmoja na yanasomwa kwa mwingine. Zoea tafsiri yake na utasoma bila shida: Ã© ni é, Ã¨ ni è, Ã§ ni ç. Kiswahili hakina alama nyingi za aina hiyo, lakini kile kikato cha ng' huweza kuumia: ng'ombe anatokea akiwa ngâ€™ombe. Kama ni tovuti ya shirika la hapa mjini, mwambieni anayeitunza. Ni marekebisho ya mstari mmoja, atangaze mfumo wa UTF-8.

Sura inayowapoteza watu zaidi ni ile ya mchanganyiko: maneno ni mapya, lakini yamepandana, menyu imelala juu ya habari, rangi hazikubaliani. Kivinjari huhifadhi mafaili ya zamani ili kukuokolea mega, na hilo ni jema. Lakini wenye tovuti wakibadilisha muundo, unaweza kubaki na mapambo ya mwaka jana juu ya maandishi ya leo. Au mapambo yaliyokatika njiani yakahifadhiwa hivyo hivyo, nusu. Wengi hapa hukimbilia kufuta kila kitu ndani ya kivinjari. Subiri kwanza. Ufungue ukurasa uleule katika «Navigation privée», ambamo kivinjari hakitumii mafaili ya zamani. Ukitokea sawa, kosa ni la akiba ya mafaili hayo. Unaweza kumaliza kazi yako humohumo. Ukitokea vilevile umevurugika, akiba haina kosa, na kuifuta kungekugharimu tu.

Ikithibitika ni akiba, kwenye kompyuta ya saiba bonyeza Ctrl na F5 pamoja. Ukurasa huo tu utaletwa upya. Kwenye simu, ndani ya Chrome, ingia kwenye historia, chagua kufuta data, na uweke alama kwenye «Images et fichiers en cache» peke yake. Usiguse «Cookies», wala «Mots de passe». Ukizifuta hizo utatolewa nje ya kila akaunti, na kurudi kunadai msimbo wa ujumbe mfupi ambao kwa rezo ya siku hiyo unaweza kufika baada ya muda wake kwisha. Ujue pia kwamba baada ya kufuta akiba, kila tovuti unayoipenda italetwa upya kuanzia mwanzo. Ifanye siku yenye mega.

Onyo la «Votre connexion n'est pas privée» linatisha watu, na halipaswi kupuuzwa, lakini angalia kwanza tarehe ya simu. Betri ikiisha kabisa, simu kuukuu hurudi mwaka wa zamani, na vyeti vya usalama vya tovuti zote vinaonekana batili. Hapa kwetu kuna pia jambo la saa: Uvira hufuata saa ya mashariki, ambayo iko saa moja mbele ya Kinshasa. Simu ikiweka saa ya Kinshasa, usisogeze mishale kwa mkono. Chagua ukanda wa Lubumbashi, ulio sawa na wetu. Kama tarehe ni sahihi na onyo linatokea kwenye tovuti nyingi, huenda simu ni kongwe. Android za kabla ya 7.1 hazikitambui cheti kikuu cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya bure kwa tovuti nyingi mno, na njia ya mzunguko iliyokuwa ikizisaidia ilifungwa 30 Septemba 2024. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, kwa hiyo toleo lake linalokubali simu hizo huweza kufungua pale Chrome inapokataa. Kama onyo linatokea kwenye tovuti moja tu, tena ya pesa, ifunge.

Wengi wanatumia Opera Mini, na nawaunga mkono. Kivinjari hiki huupeleka ukurasa kwanza kwenye seva zake, zikaubana, ndipo ukuletee ukiwa mwepesi. Kwa habari hakuna kinachokizidi kwa rezo ya hapa. Lakini katika hali ya kubana kupita kiasi, programu ndogo za ukurasa huendeshwa huko mbali kwa sehemu tu, ndiyo maana kitufe cha kutuma hakijibu, kalenda ya kuchagua tarehe ya kuzaliwa haifunguki, au picha ya kitambulisho haipandi. Soma kwa Opera Mini, jaza fomu kwa Chrome au Firefox. Na usipoteze muda kuitafuta ile njia ya kubana data iliyokuwa ndani ya Chrome. Google waliiondoa Machi 2022.

Kuna walaji wa siri vilevile. Unapohangaika na ukurasa mmoja, WhatsApp inapakua video za makundi matatu na duka la programu linasasisha michezo. Ndani ya WhatsApp zima upakuaji wa kujiendesha, picha na video zote. Kwenye Android washa «Économiseur de données», ukiruhusu kivinjari peke yake. Kwa simu nyingi nilizowahi kushika, hili moja limefanya zaidi ya mengine yote niliyoyataja.

Fomu zinataka uangalifu wa pekee, kwa sababu hapo ndipo rezo dhaifu inapokula kazi ya mtu. Barua ya maombi iandike kwanza kwenye daftari la simu, kisha uinakili ndani ya fomu. Kikikatika kitu, barua unayo. Picha na diploma zipunguze ukubwa kabla ya kupandisha. Ukibonyeza «Envoyer» na ukurasa ukaganda, usibonyeze mara ya pili. Huenda ombi lilifika na ni jibu lililopotea njiani. Angalia barua pepe yako, na kama ni malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, angalia ujumbe wa salio. Pesa ikiwa imetoka, iko njiani. Ikiwa haijatoka, ndipo urudie.

Saa nazo zina tofauti. Jioni watu wengi wako kwenye simu na mnara uleule unagawanywa kwa wote. Alfajiri, kabla mji haujaamka, ukurasa uliokataa saa mbili usiku hufunguka. Fomu yenye tarehe ya mwisho isiachwe mpaka jioni ya mwisho.

Na ukurasa muhimu ukifika mzima, usiuache uende. Ndani ya Chrome kuna mshale wa kupakua kwenye menyu; unauhifadhi ukurasa na kuusoma baadaye bila rezo. Matokeo, tangazo la kazi au risiti uyatoe kwa «Partager», kisha «Imprimer», halafu uchague PDF. Jirani au mwanafunzi mwenzio akihitaji tangazo lilelile, mpe faili kwa Bluetooth mkiwa mmekaa pamoja. Halitamlia hata mega moja.